Shule ya Kichina chini ya bendera ya Mwingereza: nani hasa aliitikisa?

*"Shikamoo mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu shule zilizoanzishwa na jamii zenyewe chini ya utawala wa Mwingereza. Sura moja ni ya sekondari ya Kichina iliyofunguliwa Singapore mwaka 1919. Nimekwama. Kitabu kimoja kinasema Mwingereza alitaka kuiua lugha ya Kichina. Kingine kinasema shule ilikuwa ngome ya wakomunisti tangu siku ya kwanza, na serikali ilikuwa inalinda amani tu. Msimamizi wangu ananitaka nichague upande. Tena sijui kusoma hata herufi moja ya Kichina. Ukweli ni upi, na je, niiache sura hii?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na naona ndani yake kuna maswali mawili. La kwanza ni la historia: shule ile ilitikiswa na nani, na kwa nini? La pili ni hofu yako: je, unaruhusiwa kuandika habari za watu ambao huwezi kusoma maandishi yao? Nitayajibu yote mawili. Ila kwanza nikutue mzigo mmoja. Hulazimiki kuchagua kati ya pande hizo mbili, kwa sababu zote zina kasoro ile ile: zinaitazama shule kwa macho ya ofisi ya Gavana. Moja inamwona Gavana kuwa katili, nyingine inamwona kuwa mlinzi, na katika zote mbili wafanyabiashara waliotoa fedha, walimu waliovuka bahari na wanafunzi waliogoma hawana la kusema. Hao ndio wenye habari yao.

Tuanze na tarehe, maana tarehe peke yake zinaliangusha dai moja zima. Shule unayoiulizia, The Chinese High School, ilifungua milango tarehe 21 Machi 1919. Chama cha Kikomunisti cha China kiliundwa Julai 1921, na kile cha Malaya kikaundwa 1930. Basi hao wakomunisti wa "siku ya kwanza" walitoka wapi? Shule haiwezi kuwa tawi la mti ambao haujapandwa. Mkanganyiko huu naujua unakotoka. Mwezi Mei 1954 wanafunzi wa sekondari za Kichina walipambana na polisi wakipinga kuandikishwa jeshini, na Oktoba 1956 wakapiga kambi ndani ya shule zao, polisi wakawatoa kwa mabomu ya machozi, na katika ghasia zilizofuata mjini watu 13 wakafa. Wakati huo mkono wa wakomunisti ulikuwepo kweli, ingawa wanahistoria bado wanabishana ulikuwa na nguvu kiasi gani. Waandishi wengi huichukua picha ya 1956 wakaibandika juu ya 1919. Wewe usifanye hivyo. Miaka 37 imepita katikati, na Vita Kuu ya Pili imepita humo.

Dai la pili, kwamba lugha yenyewe ndiyo iliyowindwa, linahitaji subira zaidi kwa sababu lina chembe ya ukweli. Kabla ya 1920 serikali ya Makoloni ya Mlango wa Bahari, yaani Singapore, Penang na Melaka, ilikuwa na desturi moja kuhusu elimu ya Wachina: kutojishughulisha nayo. Iliwapa Wamalay shule za msingi za bure kwa Kimalay. Ikasaidia baadhi ya shule za Kiingereza, kwani ilihitaji makarani. Wachina walikuwa takribani robo tatu ya wakazi wa Singapore, na waliachiwa shughuli yao wenyewe. Nao walijitegemea. Wakantoni walifungua Yeung Ching mwaka 1905, Wahokkien wakafungua Tao Nan mwaka 1906, Wateochew wakafungua Tuan Mong mwaka huo huo, Wahainan wakafungua Yoke Eng mwaka 1910. Hakuna aliyewazuia. Serikali iliyokusudia kuua lugha isingelala usingizi miaka yote hiyo.

Yatazame hayo majina ya shule mara ya pili, kwa sababu hapa ndipo wasomaji wengi wa kwetu wanapoteleza. Tunasema "Wachina wa Singapore" kana kwamba walikuwa kabila moja lenye lugha moja. Mhokkien na Mkantoni wakikaa meza moja kila mtu akazungumza lugha ya mama yake, hawaelewani. Wangeweza kuandikiana, kwa kuwa herufi ni zile zile, ila kusikilizana hapana. Kila kundi lilikuwa na hekalu lake, makaburi yake, kazi zake na shule yake. Sasa shule ya 1919 ilikuja na jambo jipya: ilikuwa sekondari ya makundi yote pamoja, na lugha ya darasani ilikuwa Kimandarini, lugha ambayo karibu hakuna mtoto aliyeikuta nyumbani kwao. Tao Nan ilikuwa imeonyesha njia ilipohamia Kimandarini mwaka 1916, lakini kwa ngazi ya sekondari huu ulikuwa ukurasa mwingine.

Wewe unaweza kulielewa jambo hili kuliko msomaji wa London, na ningependa ulitumie. Mtoto wa Kisukuma anayefundishwa kwa Kiswahili sanifu hafundishwi kwa lugha ya mama yake, lakini anafunguliwa mlango wa jamii kubwa kuliko kijiji chake. Kimandarini kiliwafanyia hivyo watoto wa Singapore. Tofauti ni moja, nayo ni nzito. Usanifishaji wa Kiswahili, kuanzia mkutano wa Mombasa wa 1928 hadi kamati ya lugha ya 1930, uliongozwa na serikali za kikoloni zenyewe. Kimandarini kiliwasili Singapore bila idhini ya Gavana, kikiletwa na walimu kutoka China pamoja na vitabu vilivyochapwa Shanghai. Mkoloni hakukerwa na sauti ya lugha ile. Alisumbuliwa na swali la ni nani anayewaunganisha watu hawa waliozoea kukaa mafungu mafungu, na anawaunganisha waelekee wapi.

Aliyekuwa mbele katika kuiasisi shule hii ni Tan Kah Kee. Alizaliwa mwaka 1874 kijijini Jimei, mkoa wa Fujian, akaja Singapore akiwa kijana mwaka 1890 kufanya kazi katika biashara ya mchele ya baba yake. Baadaye alitajirika kwa mananasi ya makopo, kisha kwa mpira. Mwaka 1918 aliwaita wawakilishi wa shule za msingi za makundi mbalimbali akawawekea hoja mezani: watoto wetu wakimaliza msingi wanakwenda wapi? Kwa anayetaka sekondari ya Kichina, njia iliyozoeleka ilikuwa kupanda meli kwenda China, kwa mfano katika shule ya Jinan kule Nanjing iliyowekwa kwa ajili ya watoto wa ng'ambo. Waliosikia hoja hiyo walichanga. Wakapata jumba katika barabara ya Niven, wakaagiza mwalimu mkuu kutoka China, Tu Kaiyu, mtu wa Hunan, na masomo yakaanza. Jumba kubwa lenye mnara wa saa katika barabara ya Bukit Timah, ambalo huenda umeliona kwenye picha, ni la 1925. Ukikuta maandishi yanayosema wanafunzi wa kwanza walisoma chini ya mnara ule, jua mwandishi hakuangalia tarehe.

Hebu fikiria bahati ya shule hii. Wiki sita tu baada ya kufunguliwa, tarehe 4 Mei 1919, wanafunzi wa Beijing waliingia mitaani kupinga mkataba wa Versailles uliowakabidhi Wajapani haki za Wajerumani katika mkoa wa Shandong. Moto ule ulivuka bahari kwa meli na magazeti. Singapore pakaanza mgomo wa kutonunua bidhaa za Japani, na usiku wa tarehe 19 Juni ukageuka ghasia. Maduka ya Wajapani yalivamiwa, bidhaa zikachomwa. Serikali ilipouliza nani amechochea, jicho lake lilitua kwa walimu na wanafunzi. Kumbuka Japani wakati huo ilikuwa mshirika wa Uingereza. Kilichokuwa uzalendo kwa mwalimu kutoka Hunan kilikuwa, kwa polisi wa Singapore, fujo dhidi ya rafiki wa Mfalme.

Na sasa nifike kwenye kiini, ambacho vitabu vyako vyote viwili vimekiruka. Mgogoro huu ulikuwa na mzizi wa kisheria: mtoto huyu ni wa nani? Sheria ya uraia ya China ya 1909 ilisema mtoto wa baba Mchina ni Mchina, popote alipozaliwa. Sheria ya Uingereza ilisema aliyezaliwa katika makoloni yale ni raia wa Mfalme. Mtoto aliyezaliwa Singapore kwa baba kutoka Fujian alidaiwa na dola mbili kwa wakati mmoja, na hakuna hata moja iliyomuuliza. Kwa muda mrefu mgongano huo ulilala kwenye makaratasi. Shule ndiyo iliyouamsha, kwa sababu mwalimu akisimama mbele ya darasa na kusema "nchi yetu", lazima awe na nchi fulani kichwani. Katika shule za Kiingereza nchi hiyo haikuwa China. Katika shule hii ilikuwa China. Mengine yote ni matawi ya hapo.

Jibu la serikali lilikuwa Sheria ya Kusajili Shule, iliyopitishwa Oktoba 1920 chini ya Gavana Laurence Guillemard. Iliandikwa kwa maneno ya jumla, lakini mjini hakuna aliyekosa kuelewa inamlenga nani. Kila shule ilitakiwa kujiandikisha pamoja na wasimamizi na walimu wake, mabadiliko yakitokea yaripotiwe, wakaguzi wakija waachiwe waingie. Serikali ilijipa pia mamlaka ya kuitangaza shule kuwa haramu ikiona mafundisho yake yanahatarisha maslahi ya dola. Baadaye katika muongo ule ule sheria ikarekebishwa na kuongezwa meno. Ukiisoma leo unaweza kusema ni usajili wa kawaida, na kwa kweli sehemu kubwa yake inafanana na sheria za elimu tunazozijua. Wachina hawakuisoma hivyo. Kwa zaidi ya miaka 15 walijenga shule kwa fedha zao bila kuomba senti kwa serikali, halafu wakaambiwa mwalimu wao hawezi kuingia darasani mpaka jina lake lipite mezani kwa ofisa. Walipeleka maombi ya kupinga, wakafanya mikutano, na wengine wakakataa kujiandikisha.

Hapo ikatumika silaha ambayo watafiti wengi hawaipi uzito wake: kufukuzwa nchini. Chini ya sheria ya ufukuzaji, mgeni aliyeonekana hatari angeweza kupakiwa melini kwa amri ya Gavana, bila kesi mahakamani. Raia wa Mfalme hakuguswa na sheria hiyo. Sasa pima mwenyewe inawaangukia kina nani. Tajiri aliyezaliwa Singapore, au aliyekwisha kuomba uraia kama Tan Kah Kee alivyofanya mwaka 1916, alikuwa na kinga. Mwalimu aliyeshuka melini mwaka jana hakuwa nayo. Mmoja wa waliofukuzwa katika sakata hilo ni Zhuang Xiquan, mfanyabiashara kutoka Xiamen aliyeshiriki kuanzisha shule ya wasichana ya Nanyang mwaka 1917. Yu Peigao, mwalimu mkuu wa kwanza wa shule hiyo, aliyekuja kuwa mkewe, alikuwa bega kwa bega naye katika mapambano yale. Nakusihi usimsahau mama huyu katika sura yako. Habari hizi mara nyingi husimuliwa kama habari za wanaume wenye mashamba ya mpira, na ilhali mwanamke aliyekuwa akifundisha wasichana alisimama mbele zaidi kuliko wengi wao.

Tan Kah Kee mwenyewe wakati huo alikuwa wapi? Alikuwa China. Aliondoka Singapore katikati ya 1919, miezi michache baada ya shule kufunguliwa, kwenda kujenga Chuo Kikuu cha Xiamen kilichofunguliwa 1921, na alirudi Singapore mwaka 1922. Dhoruba ya usajili ilipiga mwenye wazo akiwa hayupo. Wafanyabiashara wakubwa waliobaki hawakuwa na msimamo mmoja. Wengi wao waliona heri kujiandikisha, shule iendelee, watoto wasome. Siwalaumu. Mwenye ghala bandarini na leseni kutoka serikalini hupima maneno yake tofauti na mwalimu mwenye sanduku moja la vitabu. Lakini tofauti hiyo iliacha ufa, na ufa huo uliisumbua shule zaidi ya wakaguzi wote.

Niufafanue, maana hili ndilo ningependa litawale sura yako. Shule ya namna ile ilisimama juu ya mafiga matatu: fedha za kamati, walimu kutoka China, na ruhusa ya serikali. Ruhusa ya serikali tumeshaiona. Fedha za kamati zilitegemea bei ya mpira. Bei ikipanda, michango inamiminika na jengo jipya linaanza. Bei ikianguka, mishahara inachelewa. Mpira ulishuka vibaya 1920 hadi 1922, ukapanda katikati ya muongo, ukaporomoka tena baada ya 1929. Linganisha miaka hiyo na jengo la 1925 uone linavyokaa mahali pake.

Walimu nao walikuja na mawazo ya China iliyokuwa inachemka. Huyu ni mfuasi wa Sun Yat-sen, kiongozi wa mapinduzi ya China, yule anataka maandishi ya lugha nyepesi badala ya Kichina cha kale, mwingine anaamini wanafunzi wawe na baraza lao. Kamati ya wafanyabiashara ilimwona mwalimu kama mwajiriwa, mwalimu alijiona kama mjenzi wa taifa. Mwalimu mkuu akigombana na kamati anaondoka, akiondoka wanafunzi wanagoma, wakigoma wazazi wanauliza fedha zao zinafanya nini. Migogoro ya namna hii ilizikumba shule nyingi za Kichina za Malaya katika miaka ile, na haikumhitaji Mwingereza hata mmoja ili iwake. Ukisoma faili za serikali peke yake utadhani kila mgomo ni siasa. Mimi nilifanya kosa hilo hilo nilipoanza utafiti: mwaka mzima nilisoma ripoti za polisi, nikaandika rasimu ambamo kila mwanafunzi alikuwa mwanamapinduzi. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mwalimu aliisoma akaniuliza kwa upole, "Na mshahara wao ulilipwa?" Sikuwa na jibu. Nilirudi mwanzo.

Siasa ilikuwepo pia, nisije nikakusukuma upande mwingine. Tarehe 12 Machi 1927, katika kumbukumbu ya miaka miwili ya kifo cha Sun Yat-sen, maandamano yalielekea Kreta Ayer katikati ya mji wa Wachina, yakagongana na polisi, nao wakafyatua risasi. Watu 6 walikufa. Kundi lililokuwa mstari wa mbele lilitoka zaidi katika shule za usiku za Wahainan. Hawa hawakuwa watoto wa matajiri. Wahainan walifika Singapore wakati makundi mengine yameshika biashara zote nono, wakabaki na upishi, utumishi wa majumbani, umabaharia na migahawa ya kahawa. Mtu anapika mchana kutwa kwa bwana wa Kizungu, usiku anakwenda kujifunza herufi, na pamoja na herufi anafundishwa kwa nini yeye ni mpishi. Baada ya tukio hilo serikali ilizigeukia shule za usiku na kuzifunga kwa wingi. Ukiandika juu ya "shule ya Kichina" bila kutofautisha sekondari yenye kamati ya mamilionea na darasa la usiku la wapishi, utakuwa umechanganya maji na mafuta.

Mwaka 1930 akaja Gavana Cecil Clementi. Huyu anachanganya sana wale wanaoshikilia dai la chuki ya lugha, kwa sababu alikuwa msomi wa Kichina kuliko gavana yeyote kabla yake. Alikijua, alikipenda, alitafsiri mashairi yake. Na ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote: alipiga marufuku matawi ya Kuomintang, chama cha Sun Yat-sen, katika Malaya na akabana misaada ya shule za Kichina na za Kitamil. Mtu anaweza kuipenda lugha yako na bado asikutake uitumie kujenga utii kwa dola nyingine. Nakushauri umpe Clementi aya nzima.

Kufikia hapo shule ilikuwa inayumba kwa sababu isiyomhusu Gavana. Mdororo wa dunia ulishaikamata kampuni ya Tan Kah Kee, na mwaka 1934 ikafilisiwa. Mzigo wa shule ukaangukia wengine, hasa mkwewe Lee Kong Chian, mume wa binti yake, aliyekuwa amejenga kampuni yake ya mpira kwa uangalifu zaidi. Tan Kah Kee aliendelea kukitafutia fedha Chuo Kikuu cha Xiamen mpaka alipokikabidhi kwa serikali ya China mwaka 1937. Kuna watu humwona mjinga kwa kung'ang'ania kulipia masomo huku viwanda vyake vinazama. Mimi kila nikifika hapo katika historia yake huwa naweka kalamu chini kidogo.

Utaulizwa, bila shaka, shule hii inahusiana nini na kwetu. Kuna ulinganisho wa kweli, na kuna wa kulazimisha. Wa kweli ni Githunguri kule Kenya: chuo cha ualimu kilichoanzishwa 1939 na shule huru za Wakikuyu kwa michango ya watu, kikafungwa 1952 serikali ilipotangaza hali ya hatari. Hapo unaona mantiki ile ile ya ofisi moja ya makoloni. Shule ya jamii inavumiliwa maadamu ni ndogo na haijajibu swali la "sisi ni nani". Ikishalijibu, huja usajili, ukaguzi, kisha kufuli. Wa kulazimisha ni kusema hali zilikuwa sawa. Wakikuyu walikuwa katika ardhi yao, wala hapakuwa na dola ng'ambo iliyowadai. Mkoloni hakuweza kumpakia mwalimu wa Githunguri melini akamrudisha "kwao", kwa sababu kwao ni pale pale. Tofauti hiyo usiogope kuiandika. Inaipa tasnifu yako nguvu.

Sasa hofu yako ya pili. Je, uiache sura kwa sababu husomi Kichina? Nitakuambia ukweli bila kukubembeleza. Ukitaka kuandika walimu walifundisha nini darasani, au wanafunzi walijisikiaje, kwa Kiingereza peke yake hutaweza, na mtahini makini atakuumbua. Ukiandika juu ya sheria ya 1920, jinsi ilivyotungwa, ilivyotumika na ilivyopingwa, unaweza kufanya kazi ya heshima. Barua za Gavana kwenda London zimo katika kundi la CO 273 kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza pale Kew. Magazeti ya Kiingereza ya Singapore yamewekwa kwenye intaneti na maktaba ya taifa ya nchi hiyo, na mengi ya miaka hiyo unayasoma bure ukiwa Dar. Ningekuwa wewe ningebana swali lifike hapo, nikakiri ndani ya utangulizi kwamba sauti ya darasani haimo. Kukiri hivyo hakupunguzi alama kwa msomaji mwaminifu.

Njia ya katikati ni kumpata msomaji wa Kichina akusaidie hati chache zilizochaguliwa, kwa mfano kurasa za gazeti la Lat Pau za miezi ya Juni hadi Oktoba 1920. Hapa nina onyo moja. Vyuo vya Confucius, ambavyo Afrika vilianzia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005 na Dar vipo pia, vinafundisha herufi zilizorahisishwa miaka ya 1950 na lugha ya leo. Gazeti la 1920 liko katika herufi za zamani na mtindo wa Kichina cha kale, bila alama za vituo kama tunavyozijua. Rafiki yako aliyefaulu mtihani wa Kichina anaweza kulitazama akakwama kabisa, na si kosa lake. Mtafute mtu aliyesomea fasihi au historia ya Kichina, mkae naye meza moja na ukurasa mbele yenu. Kazi hii usiitume kwa simu, na usiitegemee programu ya kutafsiri. Programu hizo huchanganya majina kuliko kitu kingine chochote.

Na majina ndiyo mtego mkubwa. Mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa tahajia tatu: Tan Kah Kee ni matamshi ya Kihokkien, huyo huyo kwa Kimandarini ni Chen Jiageng, na karani wa Kiingereza angeweza kubuni tahajia yake. Watafiti wamewahi kuhesabu mtu mmoja kuwa wawili. Tengeneza daftari la majina kabla hujaandika sentensi ya kwanza, kila mtu na tahajia zake zote, na pale unapoweza pata herufi zenyewe za Kichina, kwa kuwa herufi hazibadiliki kwa lahaja.

Kuhusu msimamizi wako, usibishane naye kwa barua pepe. Nenda ofisini kwake na karatasi moja yenye safu tatu za tarehe: bei ya mpira, matukio ya China, na hatua za serikali ya Singapore, kuanzia 1918 hadi 1934. Mwekee mezani, mkae, mwombe akuonyeshe kwa kidole ni wapi upande mmoja unatosha kueleza safu zote tatu. Akikataa hata baada ya hapo, omba kuonana na mkuu wa idara ana kwa ana, na uende na karatasi ile ile.